Alama Mbili za Tabibu

Jumapili, baada ya sala ya Adhuhuri, nilikuwa nikifunga mlango wa mbele wa duka langu la ushonaji hapo Ukunda na kuufungua wa nyuma ili upepo upite. Vitambaa vya sare za hoteli nilivihamishia juu ya cherehani, nikafuta chaki kwenye meza ya kukatia, nikapanga viti vinne. Meza hiyo ndiyo iliyotufanya tuchezee kwangu. Ni ndefu, haitikisiki, na ina ukingo ulioinuka kidogo unaozuia dadu zisianguke sakafuni.

Mchezo wenyewe uliletwa na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Alikuwa akifanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani, na mgeni aliyekaa pale miezi mitatu alimfundisha jioni baada ya jioni. Siku ya kuondoka akamwachia vitabu vitatu na mfuko wa dadu. Mchezo hauna ubao wala karata. Mmoja anasimulia safari, na huyo kwetu alikuwa shemeji. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, na mtu huyo ameandikwa kwenye karatasi: ana uwezo gani, amebeba nini, amebakisha uhai kiasi gani. Ukitaka afanye jambo gumu, unarusha dadu ya pande ishirini, kisha unaongeza au kupunguza kulingana na uwezo wake.

Vitabu vilikuwa vya Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha kupima kiuno na kifua, kwa hiyo shemeji alitutengenezea karatasi za Kiswahili kwa mkono wake. Uwezo ni sita. Nguvu, wepesi na akili hazikutusumbua. Ule wa mwili kuvumilia majeraha na sumu tukauita ukakamavu. Ule wa kupendeza watu na kuwafanya wakusikilize tukauita haiba. Uliotuchukua alasiri nzima ni ule wa kuona mambo yalivyo na kujua la kufanya. Kuna aliyetaka hekima. Shemeji akasema hekima ni neno zito, huwezi kumwandikia kijana wa miaka ishirini kwamba ana hekima kumi na sita. Tukaandika busara.

Tulikuwa wachezaji watatu. Mwalimu wa hesabu wa shule ya upili, mtu wa bara mwenye mwili mkubwa, alikuwa na askari wa upanga aliyevaa deraya ya chuma kuanzia shingoni hadi magotini. Wa pili alikuwa muuguzi anayefanya kazi Msambweni, mama wa makamo, sote tukimwita sista. Siku ya kwanza sote tulidhani atachukua tabibu. Akakataa kwa upole.

"Nikitoka wodini sitaki kumwona mgonjwa mwingine," alisema. "Nipeni mtu wa shoka."

Tabibu akabaki, nikamchukua mimi. Kitabu kilisema tabibu hupata uwezo wake kwa kumwomba mungu fulani wa kubuni, na hapo mimi na shemeji tulitazamana. Hata kwa mchezo, ulimi wangu usingekubali. Mwalimu, ambaye ni Mkristo, naye akasema afadhali jambo hilo tuliache. Tukakubaliana kwamba tabibu wetu amesoma: anajua miti, mafuta, kuunga mifupa na kufunga vidonda. Hesabu zikabaki zile zile.

Karatasi yake niliijua kwa moyo. Busara kumi na sita, haiba kumi na tatu, ukakamavu kumi na mbili, akili kumi na moja, wepesi kumi, nguvu nane. Kumi ni mtu wa kawaida. Chini ya kumi una upungufu, na kila alama mbili juu yake zinakuongezea moja katika dadu. Tabibu anapomtibu mtu, dadu huongezewa kile kinachotoka kwenye busara. Wanaocheza tabibu huiacha nguvu chini. Mwalimu ndiye aliyenishauri hivyo tulipoanza. Alisema tabibu habebi mizigo.

Ilipotimia miezi kadhaa ya kucheza tukafika daraja la nne, na katika daraja hilo kila mchezaji hupewa alama mbili za kuongeza anapotaka. Mwalimu aliweka zake kwenye nguvu kabla shemeji hajamaliza kusema. Sista akaweka kwenye ukakamavu. Mimi nikashika kalamu, nikaitua.

"Fundi, hii haina mjadala," mwalimu akaniambia. "Busara kumi na sita ikawa kumi na nane. Kila ukitutibu tunapata moja zaidi. Hesabu si iko wazi?"

"Iko wazi," nilisema. "Nipe wiki moja."

Sikuwa na sababu ya kuomba wiki. Nilikuwa nimechoka tu, na mtu akichoka hata kuandika namba mbili huona ni kazi.

Uchovu wenyewe ulitoka Mkongani, kijijini kwa wazazi wangu. Baba yangu alikuwa amepata kiharusi baada ya mfungo wa Ramadhani. Mkono na mguu wa kulia vikalala, na maneno yakawa yanamtoka polepole kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Alikuwa mkulima, mrefu, mwenye mabega ya kukwea minazi. Mama alikuwa akimhudumia siku zote, na mimi nilikwenda kila Ijumaa alasiri nikarudi Jumamosi jioni. Ndugu zangu wawili wako mbali, hupiga simu. Mume wangu yuko Mombasa kikazi na huja mwisho wa mwezi.

Nilijua kumbembeleza baba. Akikataa uji, nilijua dakika ya kumwacha na dakika ya kurudi. Akilia, maana baada ya ugonjwa ule alikuwa akilia ghafla bila jambo, nilijua kutomtazama. Mama husema nimezaliwa na subira ya nyanya yangu. Nilidhani hiyo ndiyo kazi ya kumuuguza mtu, na kwamba nilikuwa nikiifanya vizuri.

Jumamosi ya wiki ile niliyoomba, asubuhi, baba alitaka kwenda chooni. Choo chetu kiko nje, hatua kama thelathini kutoka baraza. Mama alimshika kushoto, mimi kulia. Katikati ya uwanja goti lake likakunjika. Hakuanguka kwa kishindo. Aliteremka taratibu kati yetu, nasi tukateremka naye, akakaa mchangani.

Tukajaribu kumwinua. Mimi nilivuta mkono wake uliolala, akaguna kwa maumivu, nikauachia. Mama akajaribu kumshika chini ya makwapa kwa nyuma, lakini mama mwenyewe ana mgongo mbovu. Tukajaribu tena tukihesabu moja, mbili, tatu. Baba aliinuka kiasi cha shubiri, akarudi chini. Kisha akajikojolea. Nguo ilikuwa imelowa na jua lilikuwa linapanda.

Nilianza kuongea naye. Nilimwambia hakuna neno, baba, tupumzike kidogo, tutajaribu tena. Sauti yangu ilikuwa laini, ile ninayoitumia kila mara. Akageuza uso upande wa mihogo. Baada ya kitambo akasema, neno kwa neno, kwa Kidigo, kwamba ninyamaze.

Nikanyamaza. Mama alileta leso akamfunika miguu, mimi nikasimama upande wa jua ili kivuli changu kimwangukie. Tulikaa hivyo muda mrefu, mpaka jirani alipopita akitoka shambani na jembe begani. Alitoa salamu, akaweka jembe chini, akamshika baba kiunoni, na kwa pamoja tukamrudisha barazani. Jirani hakusema chochote zaidi ya kumwombea afya. Nilimwogesha baba, nikamvisha shuka safi. Siku ile hakuzungumza nami tena.

Kesho yake sista aliwahi kufika dukani kuliko wengine. Aliniona, akaniuliza kama nimelala. Nikamweleza. Sikukusudia kulia, lakini nilipofika pale kwenye mihogo nilishindwa kuendelea, nikajifanya natafuta sindano. Sista akavuta kiti akaketi.

"Mlimvuta mkono?" aliuliza.

"Nilimvuta."

"Usimvute tena. Upande uliolala, bega halina kinacholishika, utalitoa. Umefundishwa kumwinua?"

"Hapana. Nilifundishwa kumpa dawa."

Alitikisa kichwa, si kwa kunilaumu. Wakati huo mwalimu na shemeji waliingia. Sista alimtazama mwalimu kuanzia juu hadi chini kama mtu anayepima mbao.

"Mwalimu, una kilo ngapi?"

"Themanini na kitu. Kwa nini?"

"Lala chini."

Nilitandika leso sakafuni na mwalimu, bila kuelewa, akalala. Sista akamwambia mkono na mguu wake wa kulia havifanyi kazi, asivitumie hata kidogo. Kisha akaniita. Mimi nilisita, maana mwalimu si maharimu wangu, na kumkumbatia mwanamume kiunoni mbele ya shemeji yangu lilikuwa jambo gumu kuliko chuma. Sista akaelewa. Akavuta kipande cha kanvasi ya mikoba kwenye rafu, akakikunja mara tatu, akamzungushia mwalimu kiunoni.

"Shika mkanda," aliniambia. "Usimshike mtu. Hata wodini ndivyo inavyotakiwa."

Akanionyesha. Kiti kinawekwa upande ulio mzima. Mgonjwa anageuzwa alalie ubavu huo, anajiinua kwa kiwiko, anapiga magoti, mkono mzima unakwenda juu ya kiti. Wewe uko nyuma, magoti umeyakunja, mgongo umenyooka, na unangoja. Yeye ndiye anayeinuka. Wewe unampa kile kinachopungua tu. Mara ya kwanza mwalimu alianguka juu ya mguu wangu. Mara ya pili alijisaidia kwa mguu wa kulia, sista akamwona, akamwambia arudi chini. Mara ya nne aliketi kwenye kiti, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikitetemeka mapaja.

"Sasa mikono yako," sista alisema. "Fundi, wewe una mikono ya kushika kitambaa. Anza kubeba maji mwenyewe. Ndoo mbili, kila siku. Usimwachie mwenye mkokoteni."

Tukaketi mezani. Shemeji akatoa karatasi zetu kutoka kwenye bahasha.

"Haya, tabibu," alisema. "Wiki imekwisha."

"Nguvu," nilisema.

Mwalimu alikuwa bado anajipangusa vumbi kwenye shati. "Fundi, nguvu ya nini? Nane ikiwa kumi hupati kitu. Unatoka kwenye upungufu unafika kwenye sifuri. Busara ingekupa moja kamili. Unatupa alama."

"Shemeji," nilisema, "wewe mwenyewe ulitupa sharti siku ile safari yetu ilipopanda mlima. Asiyefika nguvu kumi hawezi kumburuta mtu mwenye deraya."

"Nililisema," shemeji alikubali.

"Basi mwalimu akianguka mahali pabaya, kumtibu kutasaidia nini nisipoweza kumtoa?"

Mwalimu alifikiri. Ni mtu wa haki, hapendi kushinda kwa kelele. Akasema sista yupo, mwenye shoka ana nguvu za kumbeba yeyote, kwa hiyo hesabu bado inasema busara. Alikuwa sahihi. Nilimjibu kwamba jana nilikuwa na busara ya kutosha na haikunisaidia kitu. Shemeji akafuta nane, akaandika kumi, akapuliza mabaki ya raba.

Wiki ile nilianza na ndoo. Siku ya tatu vidole vilikuwa vimevimba, nikakosea kola mbili za sare. Usiku nilishona mkanda wa baba: kanvasi mara mbili, kitambaa laini ndani ili usimchubue, vishikio vinne vya utepe mzito ule wa mikoba ya safari, nikapitisha mshono mara tano kila kishikio. Nilitumia uzi wa kijani kwa sababu ndio uliokuwa kwenye mashine.

Baba aliutazama akauliza kama ni wa punda. Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu Jumamosi iliyopita, na kinywa chake kilikuwa kimepinda upande mmoja, kwa hiyo sikuwa na hakika kama anatania. Nikamwambia ni wa mwanamume mkaidi. Akaniacha nimfunge. Siku ile hatukufika chooni. Tulisimama tu barazani, yeye na mimi, nikahesabu moyoni hadi ishirini, akaketi. Wiki ya pili tulifika kwenye ngazi ya baraza. Wiki ya nne tulikwenda na kurudi, mama akitembea mbele kuondoa kuku. Nilikuwa siongei. Nilikuwa nimeshika vishikio na kusikiliza uzito wake unahamia wapi, na nikagundua kwamba anapendelea hivyo.

Sasa nieleze yaliyotokea kwenye mchezo, maana alama zile hazikwenda bure wala hazikutoka bure.

Jumapili moja safari yetu iliingia katika pango la pwani ambamo maji yalikuwa yakijaa. Ndani kulikuwa na kaa mwenye ukubwa wa ng'ombe. Sista na mtu wake wa shoka walikuwa wamebaki nyuma wakizuia njia, mwalimu na mimi tulikuwa mbele. Askari wake alikuwa amejeruhiwa vibaya. Nikatumia dawa yangu ya mwisho juu yake, dadu ikatoa tano, nikaongeza tatu za busara. Akapata nane. Kisha kaa akapiga. Shemeji akarusha, akahesabu, akahesabu tena. Pigo lilimfikisha askari kwenye sifuri kamili. Akaanguka.

Sote tulifanya hesabu ile ile kichwani. Kama busara ingekuwa kumi na nane, ningeongeza nne. Angebaki na uhai mmoja, na angekuwa amesimama.

"Ninamburuta," nilisema.

"Unaweza," shemeji alisema. "Ni zamu tatu mpaka nje."

Kila zamu aliyeanguka hurusha dadu; ikitoka chini ya kumi imemkataa, na ikimkataa mara tatu amekufa. Zamu ya kwanza ilimkataa. Ya pili ikamkubali. Maji, shemeji alisimulia, yalikuwa yamefika kifuani kwangu na deraya ilikuwa ikikwaruza mwamba. Zamu ya tatu tulitoka nje kwenye mchanga, mwalimu akarusha, na dadu ikasimama kwenye moja. Kwa kanuni za kitabu moja huhesabiwa kuwa kukataliwa mara mbili. Askari alifia pale, nje, miguu yake ikiwa bado majini.

Mwalimu aliivuta karatasi yake. Alikuwa amemwandika askari yule tangu siku ya kwanza, na pembeni ya karatasi alikuwa amemchorea ngao. Akaikunja karatasi mara nne, akaiweka mfukoni mwa shati.

"Ni mchezo," alisema.

"Nisamehe, mwalimu."

"Hujakosa kitu, fundi. Ulifanya ulilosema utafanya."

Aliaga akaondoka mapema. Mimi nilibaki nimeshikilia kalamu. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyotarajia kwa ajili ya mtu wa karatasi, na nikamwambia hivyo sista alipokuwa akinisaidia kurudisha viti.

"Moja tu, sista. Ilipungua moja."

"Nilihesabu pia," alisema. Akavipanga viti ukutani. "Unajua ninachoupendea mchezo huu? Hapa unaambiwa ni moja. Wodini mtu akiondoka hakuna anayekuambia ilipungua nini, wala kama ilikuwa kwako. Unarudi nyumbani hujui."

Jumapili iliyofuata mwalimu hakuja. Alituma ujumbe kwamba anasahihisha mitihani, na nadhani ilikuwa kweli, ingawa tulicheza vibaya bila yeye. Wiki ya pili alikuja amebeba karatasi mpya, na kabla ya kuketi akaja upande wangu wa meza.

"Nimetengeneza tabibu," alisema. "Nimechoka kuwa mtu wa kubebwa. Lakini nimekwama kwenye alama."

Alikuwa ameziandika namba sita pembeni kwa penseli bila kuzigawa. Tulikaa nazo karibu saa nzima. Nilimwambia aweke kubwa kwenye busara, akaniangalia kwa mshangao.

"Wewe?" alisema. "Baada ya yale?"

"Mimi nguvu ninayo tayari," nilimjibu. "Tukiwa wawili, mmoja atibu zaidi, mmoja abebe."

Akacheka kidogo, akaandika. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini ili shemeji asisikie, kama wiki ile ingerudi ningechagua nini. Nikamwambia ningechagua nguvu tena, na bado ningemwomba msamaha. Akasema sawa.

Tulipofika daraja la nane nilipata alama mbili nyingine, nazo niliziweka kwenye busara bila kuomba muda. Baba kwa sasa anatembea kwa mkongojo hadi mwisho wa uwanja, mguu ukiburuta mstari mchangani, na siku nyingine hakubali hata nimkaribie. Jumamosi iliyopita aliniuliza huwa ninafanya nini Jumapili hata nisiweze kulala kwao usiku wa Jumamosi. Nilimweleza mchezo wote, ule wa watu wa karatasi, na kwamba mimi ni tabibu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama tabibu analipwa. Nikasema halipwi. Akatikisa kichwa, akaniomba nimsogezee kiti palipo na kivuli.